Kukoroma si Shibe: Mazoezi ya Mwili kama Tiba ya Mzibo wa Pumzi Usingizini na Wajibu wa Mwanakiswahili

Utangulizi

Katika jamii zetu mtu anayekoroma huchekwa, hauguzwi. Tunapotambiana ngano, zimwi ndilo hukoroma, na mkoromo wake ndio humjulisha shujaa kwamba saa ya kutoroka imewadia. Bwenini, mwanafunzi anayekoroma hubandikwa jina la trekta au la kinu cha posho, na asubuhi wenzake huiga sauti yake kwenye foleni ya chai. Nyumbani, mke humweleza jirani kwa fahari kwamba mumewe amelala usingizi wa pono, usingizi wa mtu aliyekula akashiba. Kwa ufupi, lugha yetu imeuhifadhi mkoromo ghala moja na kitambi: vyote viwili huhesabiwa kuwa dalili za neema.

Nathubutu kusema kwamba fikra hii ina madhara. Nyuma ya baadhi ya mikoromo hiyo pana ugonjwa unaomnyima mtu pumzi mara nyingi usiku kucha bila yeye kujua, ukampandishia shinikizo la damu na kumfanya asinzie mchana akiwa kazini. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Je, asemwe nini yule ambaye hakuyaficha maradhi yake, bali aliyatangaza kila usiku kwa sauti ya juu, nasi tukamcheka?

Makala haya yanaongozwa na hoja tatu. Kwanza, ugonjwa huu hauna jina lililozoeleka katika Kiswahili, na ukosefu huo si jambo la wanaleksikografia pekee kwani unawagharimu watu afya. Pili, mojawapo ya tiba zake, yaani mazoezi ya mwili, imo ndani ya uwezo wa watu wa Nakuru na Bonde la Ufa ya Kati kuliko tiba nyingine nyingi, mradi isitiwe chumvi. Tatu, kulieleza jambo hili kwa lugha inayoeleweka ni kazi yetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama ilivyo kazi ya waganga.

Ugonjwa wenyewe

Aliyesoma fonetiki hahitaji kuchorewa ramani ya kinywa. Anaujua ulimi na shina lake, anaijua kaakaa laini, kidakatonge, koo na koromeo. Huo ndio uwanja wa ugonjwa tunaouzungumzia. Tukiwa macho, misuli ya sehemu hizi huiweka wazi njia ya hewa. Tunapolala, misuli hulegea. Kwa watu wengi kulegea huko hakuna dhara lolote. Wapo, hata hivyo, wale ambao njia yao ni nyembamba kwa sababu ya umbo la taya, mafuta yaliyojikusanya shingoni au tezi za koo zilizovimba. Kwao, hewa inayojipenyeza kwenye upenyo mdogo huitetemesha kaakaa laini na kidakatonge, na mtetemo huo ndio mkoromo.

Njia ikizidi kufinyika, huziba kabisa. Kifua huhangaika kuvuta hewa lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde 10, 20 au hata zaidi, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusunusu, misuli ikakaza, akavuta pumzi kwa kishindo, kisha akazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachokijua ni kwamba ameamka na uchovu aliolala nao, na kichwa kinamgonga.

Matabibu huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kufifia. Kuanzia mara 5 mtu huhesabiwa kuwa na tatizo. Kuanzia 15 tatizo ni la wastani. Kuanzia 30 ni kali. Tuifanye hesabu hiyo kwa utulivu. Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa husumbuliwa kila baada ya dakika mbili. Akilala saa nane, ameshtuliwa mara 240. Huyo ndiye tunayesema amelala usingizi wa pono!

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri kati ya miaka 30 na 69, wana ugonjwa huu kwa kiwango fulani. Wengi wao hawajawahi kupimwa. Aidha, umehusishwa na shinikizo la juu la damu, kiharusi, na ajali zinazotokana na kusinzia.

Sikio lolote la Kiswahili husikia undugu baina ya kitenzi koroma na nomino koromeo. Yamkini lugha ilijua mahali pa ugonjwa huu zamani, kabla haijaujua ugonjwa wenyewe.

Fasihi ilitangulia

Si lugha yetu pekee iliyoanza kwa kicheko. Katika riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers, iliyotolewa kwa sehemu kati ya mwaka 1836 na 1837, yumo kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia popote na kukoroma hata akiwa kazini. Dickens alimchora ili awachekeshe wasomaji, nao walicheka kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1956 kundi la madaktari wa Marekani lilipoeleza hali ya mgonjwa mnene aliyesinziasinzia mchana, liliazima jina kutoka kwenye riwaya hiyo. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani wakapima pumzi za wagonjwa wa namna hiyo wakiwa usingizini na kuonyesha waziwazi jinsi zinavyokatika. Mwaka 1981, mjini Sydney, daktari Colin Sullivan na wenzake wakatangaza mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili njia isizibe. Mpaka leo mashine hiyo ndiyo tegemeo kuu la wagonjwa wengi.

Funzo kwa wanafasihi ni kwamba jicho la mwandishi liliiona dalili kabla ya kipimo cha daktari. Lakini kuiona dalili ni jambo moja na kuielewa ni jambo jingine. Sisi bado tuko kwenye hatua ya Dickens: tumeiona, tumeicheka, tumekomea hapo.

Jina lisilokuwapo

Mjomba wangu ameendesha malori baina ya Nakuru na Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka michache iliyopita alianza kusinzia mchana, hata akiwa mezani na kijiko mkononi. Alipokwenda katika zahanati moja, alielezwa tatizo lake kwa Kiingereza cha haraka, akapewa karatasi, akarudi nyumbani. Nilipomjulia hali alinijibu kwa sauti ya mtu anayeaga:

“Mpwa wangu, wameniambia nina hania.”

“Hania ya wapi, mjomba?”

“Hata mimi sijui. Wanasema iko usingizini.”

Neno alilokuwa ameambiwa ni apnia. Kwa masikio yake, jina la karibu alilolijua lilikuwa lile la ngiri, ambalo wengi hapa kwetu huliita hania. Kwa mwezi mzima mjomba aliogopa kisu cha daktari kisichokuwapo, na kwa mwezi huohuo akaendelea kuendesha lori usiku, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa lugha anayoielewa kwamba hatari yake ilikuwa usukani. Nyanya naye alikuwa na utambuzi wake: mwanawe anakabwa na jinamizi, na dawa ya jinamizi si hospitali.

Hadithi hii huchekesha inaposimuliwa, nami nimeisikia ikisimuliwa kwa vicheko katika sherehe za ukoo. Lakini tuitazame kama wanaisimu. Palikuwa na ugonjwa mmoja na maelezo matatu: apnia, hania na jinamizi. La kwanza lilikuwa sahihi lakini halikueleweka. La pili lilieleweka lakini halikuwa sahihi. La tatu lilieleweka, likaaminika, na likamzuia mtu asitafute tiba. Penye ombwe la istilahi hapakai utupu, hukaa uvumi.

Basi tuuiteje? Tukisema “apnia ya usingizi” tutakuwa tumetohoa neno lenye asili ya Kigiriki, lenye maana ya kutopumua. Litawafaa wataalamu, ila kwa dereva wa Salgaa au mkulima wa viazi wa Molo ni sauti tupu. Tukisema “kukatika kwa pumzi” tunakaribia zaidi, lakini tunagusa pabaya: katika Kiswahili anayekata roho anakufa, na mgonjwa akiambiwa pumzi zake zinakatika atadhani ameandikiwa mauti. Tukisema “kukabwa usingizini” tumemrudishia jinamizi kiti chake. Kwa maoni yangu, “mzibo wa pumzi usingizini” lina faida zaidi. Linataja kinachotokea, linataja wakati wake, na kitenzi ziba anakijua fundi wa mabomba, mama anayefunika chungu na mkulima anayepeleka maji kwa mfereji. Kinachoziba huzibuliwa, kwa hiyo jina lenyewe limebeba matumaini ya tiba.

Sisemi kwamba pendekezo langu ndilo la mwisho. Historia ya istilahi zetu inatufundisha unyenyekevu. UKIMWI ni akronimu iliyotungwa kwa Kiswahili na ikashika mizizi kila mahali, kiasi kwamba wengi wetu tunaitamka bila kukumbuka kuwa ni ufupisho wa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Kwa upande mwingine, lilipozuka janga la mwaka 2020, wenzetu wa Tanzania walitunga UVIKO-19, ilhali huku Kenya umma ulishikilia korona. Istilahi huzaliwa na wataalamu, lakini hulelewa vinywani mwa watu. Ndiyo maana ninaitoa hapa ijadiliwe, ipingwe ikibidi, ila tusiendelee kunyamaza.

Mazoezi kama tiba

Sasa tuigeukie tiba. Mashine ya kusukuma hewa hufanya kazi vizuri, lakini kwa mwananchi wa kawaida bei yake ni mlima. Inahitaji umeme usiku kucha, barakoa inayomtosha mgonjwa na subira ya kuizoea. Wagonjwa wengi huiacha hata katika nchi tajiri. Katika hali hiyo swali la mazoezi lina uzito kwetu, na halipaswi kuonekana kama burudani ya wenye nafasi.

Ushahidi unasemaje? Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina uliochapishwa mwaka 2011, watu wazima 43 wenye uzito uliozidi na wasiokuwa na mazoea ya mazoezi waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kiasi ya kuhemesha kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki, katika siku nne, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli mara mbili kwa wiki. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha tu. Baada ya wiki 12, wastani wa mara ambazo pumzi zilikatika au kufifia katika kundi la kwanza ulishuka kutoka takriban 32 kwa saa hadi 25. Katika kundi la pili haukushuka. Cha kutia maanani ni kwamba uzito wa washiriki haukupungua kwa kiasi cha kueleza nafuu hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumuisha tafiti 5 na washiriki 129 ulifikia hitimisho la namna hiyohiyo: mazoezi hupunguza tatizo kwa wastani wa mara 6 hivi kwa saa, hata pale uzito unapobaki karibu palepale.

Inakuwaje mtu atembee kwa miguu, koo lake lipate nafuu? Maelezo mojawapo yanawahusu moja kwa moja wanaoketi kutwa. Mtu akikaa kitako kwa saa nyingi, maji ya mwili hujikusanya miguuni. Ndiyo maana viatu hubana jioni. Anapolala, maji hayo huteremka kuelekea kifuani na shingoni, yakaongeza mfinyo kwenye njia ya hewa. Anayetembea huitumia misuli ya miguu kama pampu ya kuyarudisha maji hayo kwenye mzunguko wa damu mchana, kabla hajajinyoosha kitandani. Aidha, inadhaniwa kwamba mazoezi huimarisha misuli inayoshikilia njia ya hewa na kuuboresha usingizi wenyewe. Hata pale kipimo cha pumzi kinaposhuka kidogo tu, wagonjwa wengi husinzia mchana kwa kiwango cha chini kuliko awali.

Lugha yetu ina hekima hapa. Zoezi linatokana na zoeza, nalo zoeza linatokana na zoea. Kwa hivyo kwa mujibu wa Kiswahili, tendo la siku moja, hata likikutoa jasho kiasi gani, halijawa zoezi mpaka mwili uzoee. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya kiasi kila wiki kwa mtu mzima. Hiyo ni dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, hapa ndipo tunapohitaji uaminifu. Mshiriki wa wastani katika utafiti nilioutaja alianza na mara 32 na kumaliza na 25. Amepata nafuu, lakini bado ni mgonjwa. Mazoezi, basi, si mbadala wa mashine kwa mwenye tatizo kali, wala hayamruhusu dereva anayesinzia aendelee kushika usukani huku akijifariji kwamba anatembea jioni. Ni tiba ya kuandamana na nyinginezo: kupunguza uzito kwa anayehitaji, kuepuka pombe kabla ya kulala kwani huzidisha kulegea kwa misuli, kulala ubavu badala ya chali, na kufuata ushauri wa daktari. Anayeuza mazoezi kama muujiza atawavunja watu moyo muujiza usipotokea.

Nakuru: watu wa mbio na watu wa viti

Mtu wa mbali akisikia Bonde la Ufa hufikiria mbio. Hufikiria Iten na Kaptagat, humfikiria Eliud Kipchoge aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09. Kwa sifa hiyo, unaweza kudhani kuwa kuhubiri mazoezi huku kwetu ni kumuuzia samaki maji. La hasha! Utukufu wa wanariadha wachache umetufanya tuyaone mazoezi kuwa kazi ya watu maalumu. Kijana akikimbia alfajiri huulizwa anajiandalia mashindano gani. Mtu mzima mwenye kitambi akionekana anakwenda mbio kandokando ya barabara huulizwa ameibiwa nini, kwani mtu hakimbii miibani bure. Mwanamke wa makamo akivaa raba akatembea kwa kasi mtaani, maneno humfuata nyuma kama vumbi.

Wakati huohuo maisha yetu yamehamia vitini. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji lina tabia zake. Karani huketi, mwenye duka huketi, mwanafunzi wa Uzamili huketi, na bodaboda imemnyima kila mtu ile safari fupi ya miguu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Unene si sababu pekee ya mzibo wa pumzi, na wapo wembamba wenye ugonjwa huu, lakini ni miongoni mwa sababu kuu.

Katika orodha ya wanaoketi, aliye hatarini zaidi ni dereva. Barabara kuu inayotoka Mombasa na Nairobi kwenda Uganda hupita katikati ya eneo letu: Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Timboroa. Salgaa ni kituo cha kupumzikia malori, na mteremko wa Sachangwan ni jina lililozoeleka katika taarifa za ajali. Sidai kwamba ajali za huko husababishwa na mkoromo. Mteremko wenyewe, breki, mwendo wa kasi na papara ya kupita magari mengine ni sababu zinazojulikana. Ninachosema ni kwamba tunamkagua dereva kwa kila jambo isipokuwa usingizi wake. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamzuia dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Lakini inahesabu saa za usukani, haihesabu pumzi za kitandani. Dereva mwenye mzibo wa pumzi anaweza kutii sheria hiyo neno kwa neno, akalala saa zote alizoamriwa, na bado akaamka kama mtu aliyekesha matangani.

Mjomba wangu hatimaye alipimwa ipasavyo, akaambiwa tatizo lake ni la wastani. Aliacha safari za usiku, jambo lililomgharimu kipato, akaanza kutembea kila anapoegesha lori: mizunguko kumi ya uwanja wa malori kabla ya chakula. Mwanzoni wenzake walimwita mlinzi. Siku hizi wawili wao hutembea naye. Bado hukoroma, lakini hasinzii tena mezani, na daktari wake bado anamfuatilia. Huu si ushahidi wa kisayansi, na sidai kuwa ndio. Ni ushahidi wa jambo jingine: alianza kutembea siku alipoelezwa, kwa Kiswahili, ni kitu gani kinachoziba.

Mazoezi ya ulimi

Wapo watakaouliza: mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika koo la mgonjwa? Nawajibu kwa mifano miwili. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio ambapo baadhi ya wagonjwa 25 wenye tatizo la wastani walifundishwa kupuliza dijeridu, ala ndefu ya wenyeji asilia wa Australia. Baada ya miezi minne ya kupuliza karibu kila siku, usingizi wa mchana ulipungua na pumzi zao za usiku zikaimarika kuliko za wale waliosubiri zamu. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili waliwapa wagonjwa 31 ama mazoezi ya ulimi, kaakaa laini na koo ama mazoezi ya kupumua tu. Miongoni mwa mazoezi ya kundi la kwanza ilikuwa kutamka irabu kwa kukatiza na kwa kuivuta. Baada ya miezi mitatu, wastani wa waliofanya mazoezi ya koo ulishuka kutoka mara 22 hivi kwa saa hadi 14 hivi.

Kutamka irabu! Jambo ambalo mwalimu wa fonetiki hulifundisha wiki ya kwanza, na ambalo sisi hulikariri kwa ajili ya mtihani, kumbe ni zoezi la tiba. Sisi ni watu wa ghani na vitanzandimi, wa zumari na baragumu. Pwani yetu ina siwa za Lamu na Pate zinazohitaji pafu la simba. Hakuna haja ya kukimbilia kudai kwamba vitanzandimi vinatibu, kwani madai ya namna hiyo yanahitaji vipimo. Lakini swali linastahili kuulizwa, na wa kuliuliza ni mtu anayezijua sanaa hizi akishirikiana na daktari anayeyajua mapafu. Tafiti zote nilizozitaja ni ndogo na zimefanywa mbali. Kwa nini nyingine isifanywe hapa?

Pingamizi

Ninazitarajia pingamizi mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba tuna malaria, kifua kikuu na njaa, na kwa hiyo usingizi ni anasa. Jibu langu ni kwamba shinikizo la damu na kiharusi havimchagui tajiri, na ajali ya basi haiulizi hali ya mtu. Isitoshe, tiba tunayoijadili ni kutembea, na kutembea hakumnyang'anyi mgonjwa wa malaria kidonge chake.

Ya pili ni kwamba elimu ya tiba iachiwe Kiingereza kwa kuwa madaktari husomea kwa Kiingereza. Hoja hii inasahau kwamba mgonjwa hakusomea huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivyo viwili vinapaswa kusomwa pamoja. Afya isiyoelezeka kwa lugha ya mgonjwa ni haki iliyofungiwa kabatini, na ufunguo uko mikononi mwetu.

Hitimisho

Napendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi. Kwanza, tuitishe mjadala wa istilahi za usingizi na pumzi, tukiwaalika wenzetu wanaosomea udaktari na uuguzi, ili tupate orodha fupi inayokubalika. Pili, tuandike kijikaratasi cha kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu na chepesi, chenye maswali ambayo mke, mume au mwenzi wa chumbani anaweza kujibu: Je, anakoroma kwa sauti kila usiku? Je, mkoromo hukatika kwa ghafla kisha hurudi kwa kishindo? Je, husinzia mchana akiwa ameketi? Anayejibu ndiyo amshauri mwenziwe amwone daktari. Tatu, tukipeleke pale wenye ugonjwa walipo, kwenye vituo vya malori na stendi za matatu, badala ya kukirundika maktabani. Nne, sisi wenyewe tutoke vitini. Mwanafunzi wa Njoro anayetembea nusu saa kila jioni akijadiliana na mwenzake kuhusu tasnifu yake hajapoteza wakati wa kusoma.

Na usiku wa leo, mwenzako bwenini atakapoanza kukoroma, usiwahi kucheka. Sikiliza kwanza. Sauti ikikatika ghafla, hesabu. Ukifika kumi kabla hajavuta pumzi, asubuhi usimwigize kwenye foleni ya chai. Mkalishe kando, umwambie ulichosikia, kwa Kiswahili anachokielewa.